Njia ya Malkia

Kwa mujibu wa nukta nyekundu kwenye kompyuta, simba jike alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kiti cha Mhifadhi Mkuu, na Mhifadhi Mkuu alikuwa anakoroga chai.

"Kaeni, kaeni," aliwaambia wajumbe watatu wa kamati, ambao tayari walikuwa wima. "Malkia hana ugomvi na mimi."

Walikaa kwenye ncha za viti. Mmoja alijikaza akachungulia dirishani. Aliona gari la ofisi, maua yaliyokufa kwa kiu na vikorokoro vya mfagizi ukutani. Mhifadhi Mkuu akamcheka. Simba si mbuzi wa kufungwa uani, alisema. Ukimwona, ujue yeye mwenyewe ametaka.

Kwenye makaratasi Malkia aliitwa simba namba saba. Alifungwa shingoni mkanda wenye kifaa mwaka juzi, na tangu siku hiyo Mhifadhi Mkuu hakukanyaga tena porini. Viatu vyake viling'aa kama vya bwana harusi. Kifaa kilirusha habari angani, kompyuta ikachora mstari, na tangu mwaka jana mstari ulikuwa uleule karibu kila siku: alfajiri kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto hadi ofisini, jioni kurudi kijijini. Jumapili Malkia hakuja. Mhifadhi Mkuu aliandika kwenye ripoti kwamba simba hupumzika mwisho wa wiki, na wakubwa wake, wasiomjua simba wala paka, wakampongeza kwa ugunduzi.

Mstari ule aliuita ushoroba, yaani mapito ya wanyama, na mapito ya wanyama hayakaliwi na watu. Kijiji chenye kaya arobaini kilitakiwa kuhama. Wajumbe walikuja kutia saini.

Askari wa doria, mzee aliyezeekea kwenye kazi hiyo, aliitwa atoe maoni kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya maoni yake. Alisema hajaona unyayo wa Malkia tangu mvua za mwaka jana, na kijijini hajaliwa hata ndama.

"Wewe unatafuta simba kwa kuinama," Mhifadhi Mkuu alimwambia. "Mimi namwona kutoka angani. Nani anaona vizuri?"

Mzee alirudisha kofia kichwani. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na mwenye nguvu mpishe.

Mfagizi akaingia kukusanya vikombe. Ofisini walimwita Mama Usafi, mjane wa kijiji kilekile, mwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kwa matofali ya mikono yake, na kaburi la mumewe nyuma ya nyumba. Alikuja kwa miguu kila siku ya kazi na furushi lake ndani ya gunia. Furushi lenyewe lilipigwa marufuku kupita mlangoni, eti linanuka moshi, kwa hiyo alilibwaga chini ya dirisha.

Safari hii hakutoka na vikombe. Alivishika tu, akamtazama Mhifadhi Mkuu, aliyekuwa rika moja na mwanawe wa mwisho.

"Mwanangu," alisema, "huyo simba anayelala kijijini kwetu, mbona hatujamsikia hata akikohoa?"

"Mama, simba hakohoi kwa ruhusa yako."

"Nyumba yangu ndiyo yote niliyonayo. Nenda ukaione. Tembea njia hiyo siku moja tu, kwa miguu yako."

Mhifadhi Mkuu aliwageukia wajumbe kwa tabasamu la mtu anayeomba radhi kwa ajili ya kuku aliyeingia sebuleni. Watu hawa, alisema, wataishi na mnyama miaka mia wasijue analala wapi. Kisha akamkumbusha mama kwamba sakafu ya chooni ilikuwa bado haijapigwa deki. Wajumbe walitia saini. Mmoja wao, kwa huruma, aliacha biskuti moja kwenye sahani.

Malori yalikuja wiki ya pili yake. Watu walipakiwa na milango yao na kuku wao, wakapelekwa kwenye uwanda wa mawe, mwendo wa nusu siku. Mama Usafi alipoteza nyumba na kazi kwa siku moja. Alipanda lori la mwisho, furushi mapajani, akaitazama nyumba yake ikibomolewa mpaka kona ikamficha.

Siku tatu baadaye Mhifadhi Mkuu alifungua kompyuta, akasahau chai. Nukta nyekundu haikuwa ofisini wala kijijini. Ilikuwa kwenye uwanda wa mawe, katikati kabisa ya mahema mapya.

Alisugua viganja kwa furaha. Akaiandikia kamati kwamba Malkia amefungua ushoroba wa pili, na kwamba tayari kuna kaya arobaini za wavamizi zimejenga mahema juu yake, watu wasiojifunza. Aliomba malori kabla ya mwisho wa mwezi.

Saa hiyohiyo Mama Usafi alikuwa amepiga magoti ndani ya hema. Alilitoa furushi kwenye gunia, akafungua mkanda mpana wa ngozi uliolikaza, aliouokota mtoni mvua za mwaka jana, wenye kisanduku cheusi na namba saba ya rangi nyeupe. Aliupangusa vumbi, akautundika kwenye nguzo. Mkanda imara kama ule hautupwi. Huwezi kujua lini watakuhamisha tena.