Mtaalamu wa Udongo

"Wawili wamenikubali," alisema mwana, akajitupa kitini na viatu vyake miguuni. "Mmoja kakataa."

Mama alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama juu ya sinia.

"Si wawili wanamshinda mmoja?"

"Siyo chuoni kwetu. Mmoja akikataa, basi."

Kwa miaka mingi mwana alikuwa akifundisha elimu ya udongo kwenye chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, kwa mkataba wa muda, unaoongezwa kila muhula kwa kubembeleza. Safari hii wakatangaza nafasi ya kudumu, wakamwambia wazi: ama aipate, ama arudishe ufunguo wa maabara. Na mwombaji alikuwa yeye peke yake.

"Sasa umeshindwa na nani, kama hakuna mwingine?"

"Watatangaza upya."

Mama akasukuma sinia kando. "Hebu nieleze vizuri. Nani kakataa?"

"Mwenyekiti alikubali. Afisa utumishi naye alikubali, tena huku anasinzia. Aliyekataa ni mtaalamu. Kanuni inataka kwenye jopo awepo mtaalamu wa fani yenyewe, mtu wa humo humo chuoni. Bila yeye hakuna usaili."

"Kakuuliza nini?"

"Kwa nini sijafanya utafiti hata mmoja tangu nianze kazi."

"Si ungemwambia maabara haina maji?"

"Nilimwambia. Akasema maji yalisharudi zamani."

"Mchawi huyo. Kajuaje?"

"Anashinda humo humo, mama."

"Kumbe mnafahamiana. Na chakula mnakula pamoja?"

"Kila siku."

"Na bado kakutosa." Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. "Mtu mzima?"

"Rika langu."

"Basi hana haya. Ungemvuta pembeni ukaongea naye kiungwana."

"Tangu jana naongea naye. Anasema uongo hatii saini."

"Anajidai malaika, huku mwenzake anakosa kazi." Mama akasimama, akatafuta ndala zake kwa mguu chini ya kiti. "Kesho asubuhi nakwenda mwenyewe. Simtukani, mimi si mtu wa matusi. Nitamuuliza neno moja tu: amelelewa na nani. Ofisi yake iko wapi?"

Mwana akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Chuo kizima mtu wa udongo ni mimi tu, mama," alisema. "Nikishauliza, nazunguka meza, nakaa kwenye kile kiti kingine, najibu."