Jiwe Lililochungwa Msibani

Tangu chombo kilipotumwa kuigonga asteroidi, jabali linalozunguka jua, na kutawanya mawe yake angani, kila nyumba ilipewa jiwe moja la kuchunga. Alfajiri, kabla ya chai, mtu hulitazama kwa darubini ya uani, akapima mwanga wake na kutuma kipimo kituoni. Mwanga ukififia, jiwe linakwenda zake; ukiongezeka, linakuja.

Mama yake Mwanahija alipofariki, majirani walimpokea kazi zote, kama ilivyo ada. Wengine walipika, wengine walichota maji, naye Mama Shamte wa nyumba ya pili akachukua jiwe. Kila asubuhi Mwanahija alimwuliza kutoka mkekani, "Jiwe letu, mama?"

"Salama, mwanangu. Wewe pumzika."

Siku ya saba, siku ya kuanua matanga, Mwanahija alikwenda uani mwenyewe. Mwanga aliouacha mdogo kama punje ya mtama sasa ulijaa kioo kizima. Alikifuta kwa ncha ya kanga, akatazama tena, kisha akamgeukia jirani yake aliyekuwa amemfuata.

"Mama Shamte, hili limeanza lini?"

"Siku ya pili."

"Na kituoni ulituma nini?"

"Kipimo chako cha mwisho. Kile kile, kila siku." Mama Shamte alikuwa akilia. "Ningekuleteaje habari ile, na wewe umekaa msibani? Nikasema, kwanza matanga yaishe."

Barazani wanawake walikuwa wameshaanza kukung'uta mikeka na kuikunja, huku wakitaniana.

"Iacheni," Mwanahija aliwaambia. "Mikeka iacheni ilivyo."