Guu la Kushoto la Siwema

Kitendawili, msikilizaji wangu: likitoka nyumbani kwako halirudi, hata ulifuate kwa ndege. Fikiri, nami niendelee.

Siku hizi klabu ya mpira haitazami mazoezi. Husikiliza maongezi ya mitaani, na mtoto anayetajwa zaidi ndiye chaguo la kwanza. Huchukuliwa angali mdogo, akalelewa kambini hadi utu uzima. Ndiyo maana jina la Siwema, mjukuu wetu, tulilitaja kwa kunong'ona.

Jana gari la klabu likapiga honi mlangoni. "Hongereni! Chaguo la kwanza!"

Binti yangu Mwajabu akafungasha magauni ya mwanawe huku analia. "Nani kamtaja mwanangu?"

Mume wangu, bingwa wa ubishi barazani kwenye kahawa, alikuwa akimfunga Siwema kamba za viatu. Akazifunga, akazifungua, akazifunga tena.

"Babu, unanibana."

"Baba, nimeuliza."

Hakuinua uso. "Barazani walikuwa wanamsifu mjukuu wa Kombo, mwanangu. Nikawaambia hafui dafu kwa guu la kushoto la Siwema. Kesho yake mtaa mzima ukawa unalisema hilo guu."