Nani Anachezea Vichwa vya Jedwali?

Vichwa vimekuwa vyekundu tena!

Karani wa mauzo akajishika kichwa. Ndiyo kwanza ametoka kuvipaka buluu, herufi nyeupe, nene, zimetulia katikati ya seli kama bibi harusi kwenye kiti chake. Amegeuka tu kunywa maji, anarudi: Vidari, Mapaja, Mabawa, Maini, mstari mzima mwekundu pyu.

"Huyu shemeji ataniua mimi," akasema.

Mhasibu wa meza ya pili hata hakuinua macho kwenye simu yake. "Kafanyaje tena?"

"Si anachezea vichwa! Yuko chini anahesabu kuku waliogandishwa, ana ile tableti, na jedwali ni hili hili moja. Mimi napaka huku, yeye anaharibu kule."

"Nawe ulimleta kazini wa nini?"

Swali hilo, jamani, liliingia kama mwiba. Ni kweli alimleta yeye. Mdogo wa mume wake, mtu wa utani kuanzia asubuhi mpaka kulala. Wiki iliyopita alifuta kichwa cha Mabawa akaandika "Malaika", na Mama Bosi akalifungua jedwali mbele ya watu. Karani aliitwa ofisini, mlango ukafungwa, akatoka huko macho yamevimba. Tangu siku hiyo akafunga maandishi yote na namba zote. Ukibonyeza kule chini kwenye tableti, haviguswi. Kilichobaki wazi kilikuwa rangi na ukubwa wa herufi za vichwa tu, maana alikuwa bado anavipamba.

Kumbe shetani wa watu kaona hapo hapo pa kupenyea.

Akavirudisha buluu. Vikawa vyekundu. Akavirudisha. Safari hii herufi zikavimba, zikawa kubwa, "Mapaja" likajaza kioo kizima kama bango la barabarani.

"Wee! Acha!" akaipigia kelele kompyuta.

Akachukua simu, akampigia. Simu ya shemeji ikalia papo hapo, kwenye meza ya karani mwenyewe, imechomekwa kwenye chaja.

Mhasibu akacheka mpaka akakohoa. "Kakuachia makusudi! Huyo mtu kapanga."

"Nashuka. Leo nitamtia adabu."

Hajafika mlangoni, Mama Bosi huyo, kavaa viatu vyake vya siku kubwa. "Unakwenda wapi? Wageni wako getini. Wakinunua hawa tumepona sote, wasiponunua kila mtu abebe mkoba wake. Hilo jedwali linakwenda ukutani, kwenye skrini kubwa. Liko tayari?"

"Liko tayari, mama. Bado vichwa tu."

"Vichwa, vichwa! Tangu asubuhi vichwa! Kaa hapo, usiinuke. Na nikiona kituko kama kile cha malaika, mkataba wako usiniulize."

Akakaa. Ada ya mtoto, kodi ya nyumba, mume asiye na kazi, vyote aliviona vimening'inia kwenye ule mstari mmoja wa juu. Na ule mstari sasa ulikuwa unawaka na kuzimika. Mwekundu, mweupe. Mwekundu, mweupe. Mwekundu.

"Anakupigia disko," mhasibu akasema.

"Shemeji, nakuomba," karani akanong'ona, utafikiri mtu atamsikia kupitia waya. "Nakuomba, kwa mapenzi ya kaka yako. Leo tu."

Akapaka buluu. Kimya. Akashusha pumzi. Halafu taratibu, kichwa kimoja tu, Vidari, kikawa chekundu. Akakirudisha. Akasubiri. Muda ukapita, kikawa chekundu cha Mabawa, tena nusu nusu, rangi imekosea seli.

"Unaona? Anachoka sasa," mhasibu akasema. "Hata ujinga wa mtu mzima una mwisho wake."

Sauti za wageni zikaanza kupanda ngazi. Karani hakutaka kubahatisha. Akaviteua vichwa vyote, akavipaka buluu kwa mara ya mwisho, kisha akafunga na rangi nazo. Neno la siri akaweka jina la mwanawe. Hapo hata aje fundi gani, vichwa havibadiliki.

Na havikubadilika. Wageni wakaingia, taa zikapunguzwa, jedwali likapanda ukutani likiwa safi kama shati la Jumatatu. Mgeni mmoja mwenye miwani akanyoosha kidole. "Mnajua kupanga mambo yenu. Nani kafanya hii?" Mama Bosi akamwekea karani mkono begani, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu dunia iumbwe. Karani akacheka peke yake. Jioni, akawaza, nitamchemshia shemeji chai, halafu nimfinye sikio.

Mlango ukagongwa kidogo. Fundi wa majokofu akachungulia, kofia mkononi.

"Samahanini wakubwa. Dada, ufunguo wa kile chumba cha kugandishia kuku uko kwa nani? Kitasa cha ndani nilikitoa asubuhi nikakitengeneze, nikauegesha mlango kwa tofali usijifunge. Sasa narudi, tofali limesogezwa pembeni, mlango umejifunga."

Karani akaikamata kompyuta. Vidole vikakosea jina la mwanawe, vikakosea tena, kisha rangi zikafunguka.

Wote wakageuka kutazama ukutani. Vichwa vikabaki buluu.