Kiapo cha Kinyozi

Asubuhi Kinyozi alimnyang'anya binti yake simu kwa sababu ni mtoto. Kabla ya saa sita alikuwa mbele ya Msajili wa ndoa, tayari kuapa kwamba binti huyohuyo ni mtu mzima.

"Hati yake ya kuzaliwa inasema miaka kumi na sita," alisema Msajili, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. "Sheria inataka kumi na minane. Haitaki karibu na kumi na minane."

"Nilimpunguza mwenyewe," alisema Kinyozi bila kupepesa macho. "Miaka miwili."

"Ulimpunguza. Kama ndevu?"

Kinyozi alicheka. Alikuwa mtu wa namna hiyo: akitukanwa na mwenye muhuri, hudhani anataniwa.

Cha ajabu ni kwamba, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alikuwa anasema kweli. Mke wake alipofariki aliacha nyumba kwa jina la mtoto, na mahakama ikamkabidhi baba aitunze mpaka mtoto atimize miaka kumi na minane. Kinyozi akahakikisha kwamba mtoto hatimizi. Alimnyoa miaka, akaweka viti vyake vya kunyolea chumba cha mbele, akapangisha vyumba vya nyuma, na akazoea kusema "nyumba yangu" kwa sauti ya mtu aliyefyatua kila tofali kwa mikono yake. Binti akitaka kitambulisho, bado mtoto. Akitaka kujifunza udereva, mtoto hashiki usukani. Akitaka kazi ya duka la dawa, nani aajiri mtoto? Kazi pekee aliyoonekana kuwa na umri nayo ilikuwa kufagia nywele za wateja.

Utoto huo uliisha ghafla siku Bwana Kofia alipoingia kunyolewa ndevu. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, rika moja na Kinyozi, mwenye lori lake na kofia asiyoivua. Alisema anatafuta mke. Akakitazama kioo chenye ufa, akasikitika. Mkwe wake, alisema, hawezi kufanya kazi mbele ya kioo kama kile. Mkwe wake anastahili duka katikati ya mji, viti vya kuzunguka, vioo ukuta mzima.

Mate yalimjaa Kinyozi mdomoni.

"Na nyumba hii, baba mkwe, usiwe na wasiwasi," aliongeza Bwana Kofia. "Nyumba ninazo. Sitaki hata kijiko chake."

Basi hapo mwanaume akajiona ana akili kuliko mji mzima. Atapata duka, na nyumba itabaki mkononi mwake, maana msichana akishakuwa na mume na watoto wa kufua nepi hana muda wa kuulizia mabati. Kwamba binti analala chumba kimoja na magunia ya mkaa, na sasa anapelekwa kwa mzee wa rika la baba yake, hilo halikumnyima usingizi hata kidogo.

Bwana Kofia alikuwa na sharti moja tu. "Mimi naogopa sheria. Binti akionekana hajafika umri, anayefungwa ni mimi. Uape mbele ya ofisi, na shahidi awepo."

Ndiyo maana Shangazi alikuwepo. Alikuwa ameahidiwa friji, na aliapa kama mtu anayelisikia tayari likinguruma jikoni.

"Nilimpokea kwa mikono yangu hii! Mwaka ule daraja lilipokatika, mpaka mkunga akavushwa mgongoni. Hesabu mwenyewe."

Msajili alihesabu. Ilikuwa kumi na minane kamili.

"Upande wa mama yake yuko nani?"

"Wale?" Kinyozi alibinua mdomo. "Wale ni watu wa shamba huko, mama. Hatuna habari nao."

Alikuwa na haki ya kutokuwa na habari. Alipooa hakwenda kujitambulisha ukweni, na mke alipopelekwa kuzikwa kwao, alituma ujumbe kwamba tumbo linamsokota. Jioni ile lilipokea sahani mbili za wali bila kulalamika.

Kinyozi aliinua mkono, akaapa, akatia sahihi kwa mbwembwe. Msajili alimtazama kama mtu anayetazama kitu kilichonasa kwenye soli ya kiatu, kisha akamgeukia bwana harusi.

"Wewe, vua kofia. Hapa ni ofisini."

Bwana Kofia alisita kidogo, akaivua.

"Jamani!" Shangazi alipiga makofi. "Tazameni, paji la uso moja! Wanaofanana hivi ndoa yao hudumu."

Binti hakucheka. Alikuwa amekaa wima ndani ya gauni la kuazima lililompwaya mabegani, na muda wote huo alikuwa anautazama muhuri tu. Msajili aliugonga mara mbili.

"Mwanangu, kuanzia sasa wewe ni mtu mzima. Si baba, si shangazi, hakuna wa kukusemea wala wa kukushikia kilicho chako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Haiwezi kubatilishwa?"

"Baba yako ameapa. Akikana, namwita polisi."

Kinyozi alitikisa kichwa haraka. Akane ili iweje? Kichwani alikuwa ameshaanza kupanga viti vyake mbele ya vioo.

"Haya. Unakubali kuolewa na huyu?"

"Sikubali," alisema binti.

Kinyozi aliruka kitini. Bwana Kofia hakushtuka; alirudisha kofia kichwani taratibu na kutoa ufunguo wa lori mfukoni.

"Twende ukahamishe viti vyako, shemeji," alisema. "Kwenye msiba wa dada yangu hukuja tukafahamiana, lakini kupakia nitakusaidia."