Sabuni ya Waridi

Mlango ulipobishwa, fundi cherehani alikuwa bafuni, povu la sabuni ya waridi limemjaa mabegani. Aliinunua asubuhi hiyo, siku ya tatu tangu amalize deni lililomtesa miaka minne.

Akajikuta amefunga maji na kubana pumzi, kama alivyozoea kuwakwepa wadai.

"Hodi! Dada, upo?" Kumbe ni jirani.

Akaitazama sabuni mkononi, nene, maandishi yake hayajafutika. Kicheko kikamtoka.

"Nipo!" akaitika, mtaa mzima ukasikia. "Naoga, mwenzangu, na leo sina haraka!"

"Unaoga au unaolewa? Harufu imefika mpaka huku nje!"

"Naoga tu," akajibu, akafungulia maji tena.