Mkono wa Leusa

"Mimi si kiziwi, shemeji," alisema Gethin Bowen. "Punguza sauti."

Leusa hakupunguza. Alisimama katikati ya mlango wa jikoni, akamwambia kwa sauti ya kuitia ng'ombe kwamba jioni hiyo haendi popote, hata mfalme mwenyewe aje kumbembeleza. Tangu barua ya jeshi ilipofika, ile iliyosema mwanawe Ifor amepotea kwenye mto huko Italia na inaaminika amezama, aliongea na kila mgeni hivyo. Kijijini walisema majonzi yamemharibu masikio.

Gethin, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa amepanda mlima kwa miguu kumfuata. Vita vilikuwa vimekwisha, na kijiji kilikuwa kinachagua baraza lake. Viti vinane vilishapata watu. Wanne walitaka kwanza lisimamishwe jiwe la majina ya vijana waliokufa vitani. Wanne walitaka kwanza bomba la maji. Kilibaki kiti cha tisa, na waliokigombea walikuwa Gethin, mtu wa jiwe, na Pryce wa Duka, mtu wa bomba. Kura ingepigwa shuleni kwa kunyoosha mkono mbele ya wote, kama siku zote. Gethin alikuwa ameshahesabu nyumba kwa nyumba. Ishirini na sita kwa ishirini na sita. Alibaki Leusa.

"Jina la mwanangu Emlyn litachongwa pale, na la Ifor wako chini yake," alisema. "Walikua pamoja. Wewe unataka nini zaidi?"

"Nataka kukamua ng'ombe wangu."

"Watu wanasema huna moyo. Mwaka wa pili huu, hujavaa nguo nyeusi hata siku moja."

"Waambie nyeusi inaonyesha manyoya ya ng'ombe."

Gethin alikaa kwenye kizingiti, kwa kuwa hakukaribishwa ndani. Alitoa bahasha mfukoni. Hakutaka kumwambia mpaka ashinde, alisema, lakini basi. Alikuwa amempata mtu wa kikosi cha Ifor, mchimba mawe ng'ambo ya mlima, aliyekuwa naye palepale mtoni siku ile. Alimwandikia, naye amejibu.

"Anasema ana mengi ya kusema kuhusu Ifor, na atayasema mbele ya kijiji kizima siku ya kuzindua jiwe. Bila jiwe haji, hana siku ya kazi ya kupoteza. Utajua mwanao alivyokufa, Leusa. Mimi wa kwangu sikupata hata hilo."

Leusa aliitazama bahasha bila kuigusa. Mbwa wake, aliyekuwa amelala chini ya ngazi ya darini, aliinua kichwa akakilaza tena.

Leusa alichukua koti lake kwenye msumari.

"Twende," alisema.

Njia nzima Gethin alimshika mkono penye matope, na mara mbili alijifuta macho akisingizia upepo.

Shuleni watu walikuwa wamejibana kwenye madawati ya watoto. Pryce wa Duka alimwona Leusa akiingia.

"Siagi yako siku hizi haifiki kwangu," alisema, ili wote wasikie. "Ng'ombe wawili, mdomo mmoja. Unaila yote peke yako?"

Wachache walicheka, kisha wakaona aibu. Huyu ndiye Pryce aliyesema kwenye kaunta yake, wiki ileile barua ilipofika, kwamba Ifor hakuwa mtu wa vita tangu mwanzo, alikuwa mtoto wa kukimbilia sketi ya mama. Leusa hakuwa amemjibu salamu tangu siku hiyo. Alitafuta nafasi kwenye benchi, akakaa.

Mchungaji Mathias alisoma jina la Gethin Bowen kwanza. Mikono ikapanda. Alihesabu akinyooshea penseli, benchi kwa benchi.

"Ishirini na sita," alisema, akamtazama Leusa. Wote walimtazama.

Mikono yake ilikuwa mapajani, mmoja umeushika mwingine.

Gethin aligeuka kwenye benchi lake. Alidhani Leusa hakusikia. Alitabasamu, akauinua mkono wake juu zaidi ili amwonyeshe.

"Wamekwisha?" aliuliza Mchungaji. Alingoja. Akasoma jina la Pryce.

Leusa alinyoosha mkono wake juu, akaushikilia hapo mpaka alipoona penseli imeandika.

"Ishirini na saba."

Hakuna aliyepiga makofi, hata watu wa bomba. Pryce mwenyewe alikuwa na uso wa mtu aliyepewa kitu kwa makosa. Leusa alipoinuka, mwanamke wa benchi la mbele alivuta sketi yake isiguswe. Gethin alimngoja mlangoni. Hakupiga kelele.

"Emlyn alikukosea nini?" aliuliza.

Leusa alifunga kifungo cha juu cha koti, akampita, akapanda mlima peke yake.

Nyumbani alitia komeo mlangoni na kuvuta pazia. Alipakua supu ya kondoo na vitunguu vya majani, mabakuli mawili. Kisha alichukua ufagio akagonga dari kwa mpini, mara tatu. Mbao za juu zikalia.

"Shuka ule, Ifor," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Yule mwenzako haji."